Outer Wilds: Mchezo Ambao Historia Yake Ndiyo Ufunguo

Kila mchezo wa video unaojengwa juu ya hadithi humpokea mchezaji akiwa amechelewa. Falme zimekwisha kuanguka, mikataba imekwisha kuvunjwa, watu wamekwisha kupendana na kusalitiana, na yeye anakabidhiwa upanga au usukani bila kujua lolote kati ya hayo. Watengenezaji wanaujua usuli wote, kwa kuwa wao ndio walioubuni, na wana hamu ya kuusimulia. Mchezaji kwa upande wake ana hamu ya kuanza kucheza. Nimecheza michezo ya aina hii kwa miaka mingi, na jambo ninalolipima kwanza katika kila mmoja ni namna unavyozipatanisha hamu hizo mbili. Kwa kipimo hicho sijaona mchezo unaoufikia Outer Wilds, na ndiyo maana ninauandikia tathmini hii ingawa umekuwepo sokoni tangu mwaka 2019.

Njia zilizozoeleka za kumpa mchezaji usuli zinajulikana. Ipo ya kumwekea maandishi marefu mwanzoni, yanayopanda polepole kwenye skrini huku sauti nzito ikitaja wafalme na vita. Ipo ya kuwafanya wahusika waelezane mambo ambayo wote wawili wanayajua tangu utotoni, ili mchezaji aliye pembeni asikie. Ipo pia ya kutawanya vitabu, barua na kanda za sauti mezani na sakafuni. Katika mchezo mmoja ambao sitautaja, nilisoma utangulizi kwa makini, nikijitahidi kushika majina ya koo kadhaa na miungu yao, na saa moja baadaye sikukumbuka hata ukoo mmoja, kwa sababu hakuna chochote nilichokuwa nimefanya kilichonihitaji nikumbuke. Uandishi wenyewe haukuwa na kasoro. Nilikuwa nimepewa majibu kabla sijawa na maswali.

Wapo waliotafuta dawa ya tatizo hili kwa akili kubwa. Final Fantasy XVI, iliyotoka mwaka 2023, humruhusu mchezaji kusimamisha onyesho na kuletewa maelezo mafupi ya watu, mahali na mambo yanayohusika na onyesho hilohilo, badala ya kutupiwa kamusi nzima. Ni msaada wa kweli kwa mtu aliyeuacha mchezo kwa wiki mbili akarudi amesahau nani anatawala wapi. BioShock ya mwaka 2007 iliwapa wakazi wa mji uliokufa sauti zao wenyewe katika kanda, ili mchezaji asikilize huku akiendelea kutembea. Dark Souls ya mwaka 2011 ilificha historia yake katika maelezo ya vitu, ya pete na panga na mavazi, ikamwachia mchezaji kazi ya kuunganisha vipande. Naziheshimu njia zote tatu. Hata hivyo, katika kila mojawapo mchezaji anaweza kuipuuza sehemu kubwa ya historia na bado akafika mwisho, mradi vidole vyake viwe vyepesi. Anayesoma hutajirika zaidi, lakini asiyesoma hakwami popote.

Outer Wilds ulianza kama kazi ya masomo ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California, ukakuzwa na kampuni ya Mobius Digital, ukachapishwa na Annapurna Interactive, na mwaka 2020 ukatunukiwa tuzo ya BAFTA ya mchezo bora. Mchezaji ni mwanaanga mpya wa jamii ya Wahearthian, viumbe wenye macho manne wanaoishi katika kijiji chenye misonobari kwenye sayari ndogo iitwayo Timber Hearth, na wanaorusha vyombo vya angani vilivyoungwaungwa kwa mbao na vyuma. Siku ya safari yake ya kwanza imefika. Anapewa namba za siri za kurushia chombo na Hornfels, msimamizi wa jumba la kuangalizia nyota, kisha anaondoka kwenda popote apendapo. Baada ya muda jua linalipuka na kuangamiza kila kitu, naye anafumbua macho akiwa palepale kando ya moto wa kambi alipoamka mwanzo. Tangu hapo anaishi dakika 22 zilezile tena na tena.

Hakuna silaha ya kuboresha wala kiwango cha nguvu cha kupanda. Kinachovuka kutoka mzunguko mmoja kwenda mwingine ni kile ambacho mchezaji amekifahamu, basi. Mahali pengi panapoonekana pamefungwa hapana kufuli; panamzuia mtu kwa sababu hajui ni wakati gani wa kufika, asimame wapi, au aache kufanya nini. Mtu anayejua kila kitu anaweza kuondoka kijijini na kuufikia mwisho wa mchezo ndani ya mzunguko mmoja, kwa njia iliyokuwa wazi tangu mwanzo. Na ujuzi wenyewe unatoka kwa Wanomai, watu waliofika katika mfumo huu wa jua zamani sana, wakajenga miji, wakaendesha utafiti wa ajabu, kisha wakatoweka wote. Historia ya kale, ile ambayo michezo mingine huitundika ukutani kama pambo, hapa imegeuzwa kuwa chombo cha kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika Outer Wilds kila kitu cha thamani kiko mvunguni.

Nitafichua fumbo moja, na moja tu, kwa kuwa bila mfano hoja hii inabaki hewani. Asiyetaka kujua lolote aziruke aya hii na inayofuata. Katika sayari iliyoharibika iitwayo Dark Bramble, iliyojaa ukungu na miiba mikubwa, wanaishi samaki wa kutisha wenye taa inayoning'inia mbele ya kinywa. Mara ya kwanza unauona mwanga, unaufuata, unaliwa. Mara ya pili unaongeza kasi ukidhani utawapita, na unaliwa mapema zaidi. Mbali kabisa na hapo, ndani ya mapango ya sayari ya Ember Twin, kuna kisukuku cha samaki wa aina hiyohiyo, na watoto wa Kinomai wameacha maandishi wakipangiana kanuni za mchezo wao: baadhi yao watakuwa samaki, hao watafungwa kitambaa machoni, na wenzao watajaribu kupita karibu yao bila kusikika. Ukisoma haraka utaona ni kipande kitamu cha maisha ya watoto waliokufa zamani, na utaendelea na safari yako. Kisha, dakika chache baadaye au pengine siku tatu baadaye ukiwa mbali na skrini, unashtuka. Wale watoto waliwafunga samaki wao macho kwa sababu samaki wa kweli hawaoni. Wanasikia. Unarudi kwenye ile miiba, unazima injini, unakiacha chombo kielee kwa kasi kilichokwisha kuipata, na unapita katikati ya meno huku umebana pumzi zako mwenyewe, kana kwamba samaki wanaweza kukusikia ulipokaa.

Ninaomba msomaji apime kazi iliyofanywa na maandishi yale machache. Yameonyesha kwamba Wanomai walikuwa na watoto, na kwamba watoto hao walichezea hatari iliyowatisha wazazi wao, kama watoto wafanyavyo kokote. Yamedokeza historia ya kuogofya ya jamii nzima bila kuisimulia. Na yametoa ufunguo wa sehemu ngumu kuliko zote katika mchezo. Kelsey Beachum, mwandishi wa maandishi haya, hakumweka mtu yeyote wa kusema kwamba samaki ni vipofu. Alimwachia mchezaji afike hapo peke yake, na jambo ambalo mtu amelifikia peke yake halisahau.

Umbo la maandishi ya Wanomai nalo linastahili kuangaliwa kwa karibu. Waliandika kwa misokoto kwenye kuta, na kila jibu linachipuka kutoka kwenye msokoto wa aliyetangulia, kama tawi kutoka kwenye shina, hivyo kwamba ukuta mmoja ni mazungumzo ya watu watatu au wanne. Mchezaji anaelekeza kifaa chake cha kutafsiri kwenye tawi analolitaka, anasoma, na tawi lililosomwa linafifia rangi ili asipotee. Faida yake ni kubwa kuliko uzuri wa macho. Shajara ya mtu mmoja ina kishawishi cha kuhutubia, na waandishi wengi wa michezo wameanguka katika shimo hilo, ambapo daktari aliye karibu kufa anarekodi hotuba kamili kuhusu siasa za mji wake. Ubishi hauna nafasi ya hotuba. Mmoja anapendekeza, mwingine anakataa, wa tatu anawatania wote wawili, na wakati huo mchezaji anajifunza sayansi yao, hofu zao na heshima waliyokuwa nayo kwa maoni yaliyopingana na yao. Jumbe nyingi ni sentensi mbili tatu tu. Kwa anayesoma kwa lugha ambayo si yake ya kwanza, ufupi huo ni neema, na mipangilio ya mchezo inakuwezesha pia kusimamisha muda wakati wa kusoma, ili jua lisilipuke ukiwa katikati ya sentensi.

Maandishi hayo hayakuwekwa ovyo. Mji mmoja wa Wanomai umejengwa upande wa ndani wa ganda la sayari ya Brittle Hollow, ukining'inia juu ya shimo jeusi lililo katikati yake, huku vipande vya sayari vikidondoka na kumezwa. Kwenye Ember Twin, mchanga unaomiminika kutoka sayari pacha unajaza mapango kadiri dakika zinavyokwenda, kwa hiyo kuna chumba unachoweza kukisoma mapema tu, na kingine kinachofikika baadaye. Mahali unaposimama ni sehemu ya sentensi unayoisoma. Mifano iliyonigusa zaidi ni ya vyombo vitatu vya kujiokolea ambavyo Wanomai walitumia meli yao ilipopata ajali. Makundi mawili yalianguka kwenye sayari tofauti, yakanusurika kwa shida, na baadaye yakakutana. La tatu halikutoka lilikoangukia. Mchezaji anaweza kufuata ishara ya chombo hicho hadi mwisho wake, na akifika atajua kilichowapata watu ambao wenzao hawakuwaona tena. Hakuna muziki unaomwamuru alie wala mhusika anayemweleza uzito wa alichokiona. Mifupa imekaa ilipokaa, na maneno ya mwisho yapo kando yake.

Kuna ugumu mmoja wa kiufundi ambao ni rahisi kutouona kwa sababu umetatuliwa vizuri mno. Mchezaji ana uhuru wa kwenda popote tangu mwanzo, na kwa hiyo hakuna anayejua atasoma nini kwanza. Kila ukuta unapaswa kueleweka na mtu asiyejua chochote, na wakati huohuo usimchoshe aliyekwisha kusoma kuta nyingine hamsini. Mchezo unafanikiwa kwa kulitaja jambo lilelile kutoka pande tofauti. Hapa watu wanalalamikia mradi uliokwama, kwingine wahandisi wake wanatetea hesabu zao, na kwingine unaukuta mradi wenyewe umesimama mbele yako. Daftari la kumbukumbu lililo ndani ya chombo cha mchezaji linachora uhusiano huo kwa kadi zilizounganishwa kwa mistari na kupangwa kwa rangi kufuatana na fumbo kuu linalohusika, na linamwarifu pale ambapo mahali fulani bado pana jambo la kuchunguza. Halimwambii ni jambo gani. Mpaka huo kati ya kukumbusha na kufichua umewekwa kwa mkono wa fundi, na ningependa kila mtengenezaji wa michezo ya hadithi aukalie kitako na kuusoma.

Hata kutojua kwa mchezaji kumepewa sababu. Wahearthian ni jamii changa, na kifaa cha kutafsiri Kinomai ndiyo kwanza kimekamilika, kwa hiyo mwanaanga wetu hajui historia kwa sababu kijiji chake chote hakiijui. Hakuna haja ya mhusika kupoteza fahamu na kuamka bila kumbukumbu, hila iliyochakaa katika fani hii. Makumbusho ya kijijini yanafundisha mambo ya msingi kwa vielelezo, pamoja na kipande cha jiwe kinachohama kila usipokitazama, na wanaanga wenzako watano waliotawanyika kwenye mfumo wa jua wanapiga ala au mluzi kando ya moto, kila mmoja na sauti yake, ili uwatafute kwa kusikiliza. Riebeck na banjo yake ndiye ninayempenda kuliko wote: mwanaakiolojia anayeogopa safari za angani, lakini alikwenda.

Kasoro zipo, na moja yake si ndogo. Daftari la kumbukumbu limepangwa kwa mahali na kwa mafumbo, halikupangwa kwa watu. Wanomai wana majina mengi, hawana sauti, na tunachokiona kwao ni mifupa na vinyago, hivyo baada ya saa kadhaa majina yanaanza kuelea bila nyuso. Jina ulilolikuta kwenye maandishi ya watoto linaweza kujitokeza tena kwenye maabara ya watu wazima, na pengo la miaka kati ya hapo na hapo ni hadithi nzima ya maisha ya mtu. Lakini mchezo haukupi njia ya kufuata uzi huo, na wachezaji wengi hawatagundua kwamba walikutana na mtu yuleyule mara mbili. Nililazimika kuandika majina kwenye karatasi. Kwa mchezo uliojengwa juu ya kumbukumbu, kumwacha mtu apotee namna hiyo kunauma kidogo, hasa kwa kuwa maandishi yenyewe yameandikwa kwa upendo mkubwa kwa watu hao.

Kasoro ya pili inahusu safari za kurudia. Kuna mafumbo ambayo, ukikosea hatua ya mwisho, yanakudai urushe chombo, utue, upite mapango yaleyale na usubiri mchanga ufike kiwango kilekile kabla hujajaribu tena. Mara mbili inavumilika. Mara ya tano, hamu ya kujua inaanza kugeuka uchovu, na mtu aliyechoka hasomi vizuri.

Nyongeza yake, Echoes of the Eye, ilitoka Septemba 2021, na nilidhani ingeongeza kuta za kusoma. Ilifanya kinyume chake. Inatambulisha jamii nyingine ambayo lugha yake kifaa chako hakiwezi kuitafsiri kabisa, na historia yao inasimuliwa kwa mikanda ya picha unayoiweka kwenye projekta na kuisogeza picha moja baada ya nyingine kwa mwendo wako mwenyewe. Baadhi ya picha zimechomwa moto kwa makusudi, na swali la nani alizichoma na kwa nini ndilo linalokusukuma mbele. Kwa msomaji wa lugha yoyote, hapa wote wako sawa: unatazama mikono, mabega na macho ya viumbe hao, na unaijua hofu yao bila neno hata moja. Kwa hisia, nyongeza hii ina nguvu kuliko mchezo wenyewe. Kwa upana, imepungukiwa, kwa maana picha haiwezi kubishana. Unafahamu walichokifanya wakiwa jamii, lakini humjui mmoja wao kwa jina wala kwa utani wake, na huoni popote ambapo mmoja alimwambia mwenzake kwamba amekosea. Sehemu za giza za nyongeza hii zinatisha kweli, na aliyezitengeneza alijua hivyo, kwa kuwa mipangilio ina chaguo la kupunguza vitisho. Nililitumia, na sikuona kwamba nimekosa lolote la maana katika hadithi.

Anayependa mapigano, au anayetaka mshale umwonyeshe pa kwenda, hatafurahi hapa, na ni vyema ajue hivyo kabla ya kulipa. Kwa mwingine yeyote anayejali namna hadithi inavyoingia kichwani mwa mtu, ninaupendekeza bila kusita, na ninashauri anunue mchezo pamoja na nyongeza, lakini nyongeza aiache hadi aufahamu vizuri ulimwengu wa Wanomai. Atumie vipokea sauti vya kichwani. Aingie kwenye mipangilio mapema na kuchagua muda usimame wakati wa kusoma. Asitafute majibu kwenye intaneti hata akikwama jioni nzima. Abadilishe sayari, kwa kuwa mara nyingi jibu la sayari moja limeandikwa kwenye nyingine. Na kwa safari ya kwanza kabisa, baada ya kuzunguka makumbusho bila haraka, aende karibu tu, kwenye mwezi wa Timber Hearth uitwao Attlerock. Esker yuko huko akipiga mluzi peke yake, na si mbali naye kuna kifaa cha kale cha Wanomai chenye maandishi ya kutosha kumfundisha mtu namna ya kuufuata msokoto kutoka shina hadi tawi la mwisho.